Kiti cha Jumatatu cha Mama Dzombo

Tuktuk ilikuwa imezimika kwa mara ya pili, na dereva alikuwa ameinama nyuma yake akipuliza mpira wa mafuta kwa mdomo, nilipomuuliza kama Ganda bado ni mbali.

"Ganda ndiyo hii," akasema, akatema petroli. "Tumeingia tangu kule kwenye mihogo."

Nikatazama. Mihogo kushoto, mihogo kulia, mkorosho mmoja, kanisa la mabati na mbuzi aliyesimama mlangoni mwake kama mzee wa kanisa. Nilikuwa nimetoka Malindi saa nzima iliyopita kutafuta timu ya wanawake inayocheza ligi kuu na kulipwa mshahara kwa kupiga mpira, na sikuwa nimeona hata goli.

"Na uwanja wa Mikwaju Queens?"

"Fuata vicheko."

Nilidhani ananitania, lakini nilipotembea mwendo wa dakika tano nikavisikia. Uwanja ulikuwa nyuma ya safu ya mikwaju, mkavu, na nyasi zake zilikuwa zimebaki pembeni tu ambako mpira haufiki. Kando yake palikuwa na stoo ya mawe, na mbele ya stoo wachezaji kumi na saba wamekaa chini kwa foleni, miguu wameinyoosha, wakitaniana. Mwisho wa foleni, mbali kidogo na wengine, palikuwa na kiti cha plastiki cha buluu. Msichana mmoja alikuwa amekikalia, mguu wake umelazwa kwenye mapaja ya mama mnene aliyejifunga leso, na mama huyo alikuwa akimchua misuli kwa mafuta ya nazi.

"Wewe ni wa foleni au wa kutazama?" mama akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, mama. Ni wa kutazama."

"Marahaba. Basi tazama ukiwa kule golini. Hapa masikio hayatakiwi."

Nikaenda golini. Nimefukuzwa mahali pengi na kwa lugha nyingi, ila sijawahi kufukuzwa kwa upole namna ile.

Jina lake ni Kahaso Mwaringa, ingawa pale hakuna anayemwita hivyo. Wote humwita Mama Dzombo, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ni mpishi katika hoteli moja ya Kikambala. Ana miaka hamsini na minne. Hajawahi kucheza mpira, na kanuni ya kuotea ameelezwa mara nyingi lakini bado anaiona ni uonevu. Kazi yake katika klabu, kama ilivyoandikwa kwenye barua yake ya ajira, ni kuchua misuli. Kazi yake hasa nilihitaji siku kadhaa kuielewa.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msaidizi katika zahanati. Hakuwa muuguzi. Yeye alikuwa yule anayewatundika watoto kwenye mizani, wakining'inia kama maboga, na kuandika uzito kwenye kadi.

"Watu walidhani mtoto analetwa kliniki kwa sababu anaumwa," aliniambia jioni ya siku ile, tukila viazi vya kukaanga nyumbani kwake. "La. Analetwa akiwa mzima, anapiga kelele, anakukojolea. Unampima, unaandika. Mwezi wa pili unampima tena. Siku mstari ukianza kuinama kwenye kadi, mamake mwenyewe hajaona kitu, na mtoto bado anacheka. Hapo ndipo unapomkamata. Akishakonda, kila mtu anaona, hata mbuzi."

Alipoacha zahanati, klabu ilimwita amchue goti mshambuliaji mmoja. Akamchua mguu, na yule binti, aliyekuwa hasemi na mtu, akazungumza robo saa bila kupumzika. Mama Dzombo akagundua jambo: mtu anayechuliwa mguu hatazamwi usoni, na tena hawezi kuondoka. Wiki iliyofuata akaomba kiti. Akatangaza kwamba kila Jumatatu wachezaji wote watapita hapo, mwenye maumivu na asiye nayo.

Wengi wa wale wasichana wametoka bara, kutoka Thika, Kisumu, Kakamega. Walicheka. Easter, mshambuliaji mwenye mdomo kuliko miguu, alimwambia, "Mama Dzombo, mimi sina shida yoyote."

"Ndiyo maana nimekuita. Kaa."

Utaratibu wake aliutoa nyumbani kwao. Katika nyumba za Wagiriama, mgeni akifika haulizwi amekuja kutafuta nini. Anapewa kiti, anapewa maji, anaachwa apumue. Ndipo anaulizwa habari, naye huanza tangu alipoamka kwake, njia aliyopita, aliyekutana naye, mpaka mguu wake ulipokanyaga ua huu. Mwenyeji hamkatizi. Akimaliza, mwenyeji naye humpa habari za pale. Mama Dzombo aliuchukua utaratibu huo wote akauweka kwenye kiti cha plastiki. Mchezaji anakunywa maji, anapumua, kisha anasimulia wiki yake tangu Jumatatu iliyopita. Neno "poa" limepigwa marufuku. Anayelitamka huenda kisimani kuteka maji, mitungi miwili. Miezi ya kwanza, naambiwa, tangi la klabu halikukauka hata siku moja.

Mimi mwenyewe nimewahi kujibu "salama" katika lugha saba huku nikitetemeka kwa homa, kwa hiyo nililielewa neno hilo vizuri.

"Na ukisikia jambo zito?" nilimuuliza.

"Mimi si daktari. Likinizidi, nampeleka Malindi kwa Pamela, mshauri nasaha wa hospitali. Namsindikiza mpaka mlangoni, nanunua juisi, nasubiri nje."

"Na kocha unamwambia?"

Hapo aliacha kutafuna. Akaniambia kosa lake. Miaka mitatu iliyopita, akiwa bado mgeni kwenye kazi, alimnong'oneza mwenyekiti wa wakati ule kwamba beki mmoja anamlilia mtoto wake mchanga aliyemwacha kwa nyanya yake. Alitaka binti apewe ruhusa ya siku mbili. Mwenyekiti akalifanya mzaha mbele ya timu nzima, akauliza ni nani atamnyonyesha beki wake. Jumatatu iliyofuata Mama Dzombo alitoa kiti, akaweka maji, akakaa. Hakuja mtu. Hakuja mtu msimu mzima.

"Miezi tisa nilichua hewa," akasema, akacheka, lakini kidogo tu.

Basi siku ya pili Kocha Mwenda alipokuja stoo na karatasi mkononi, nilifahamu haraka kwa nini mama huyu aliinuka na kuanza kukunja taulo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Mwenda ni mtu wa Meru, mrefu, mwema, mwenye filimbi mbili shingoni kana kwamba moja itamsaliti. Jumamosi timu yake ingecheza Thika mechi ya mwisho. Wakishindwa, wangeshuka daraja, na klabu isiyo ya ligi kuu hailipi mishahara. Tena alikuwa na jeraha lake. Msimu uliopita winga wake wa kushoto alitoka uwanjani dakika ya hamsini na tatu, mpira ukiendelea, akapanda tuktuk na njumu zake miguuni, akaenda kwao, na tangu siku ile hataki kuona hata chungwa likibingirika. Kocha hakuwa amejua lolote.

"Mama Dzombo," akasema, "naomba majina matatu tu. Nani hayuko sawa kichwani. Nisimpange, nisije nikaaibika tena."

"Jina langu unalijua. Anza na hilo."

"Sina mzaha, mama."

"Hata mimi. Sikupi jina la mtu."

"Basi la mmoja tu. Kipa."

"Kocha, mwanangu, hata la mbuzi wa kipa sikupi."

Mwenda akavua kofia, akaivaa tena. "Viongozi wananiuliza huyu mchuaji anatusaidia nini kupanga timu. Basi lina kiti kimoja tu cha msaidizi. Ukinyamaza mpaka Alhamisi jioni, nitalazimika kumpa mtu mwingine. Na baada ya Thika sijui kama watakuandikia barua nyingine."

Akaenda. Mama Dzombo akaikunjua taulo, akaikunja upya. Nilikuwa nimeona nguo yake mpya imetundikwa ukutani nyumbani, ya manjano, aliyoishona kwa ajili ya safari hiyo. Nikasema labda jina moja halingedhuru, kwa faida ya binti mwenyewe.

"Nikimpa jina moja leo, Jumatatu nitachua hewa," akasema. "Na atakayeanza kuinama mwezi ujao, nani atamwona?"

Alhamisi asubuhi Mwenda aliamua kujitafutia mwenyewe. Alimwita kipa, Whitney Odera, binti mrefu wa Kisumu mwenye viganja kama majani ya mgomba. Alimuuliza katikati ya uwanja, akiwa amesimama, saa ya kupimia mbio ikitembea mkononi.

"Whitney! Uko sawa?"

"Niko poa, kocha."

"Umeona?" akapaza sauti kumwelekea Mama Dzombo. "Nawauliza, wote wako poa!"

"Umemuuliza ukiwa umesimama!" Mama Dzombo akamjibu kutoka stoo. "Mtu aliyesimama huulizwa njia ya Kakuyuni. Haambiwi mambo ya moyoni!"

Wachezaji wakaanguka kwa kicheko. Mwenda akaja stoo hatua ndefu, na nilidhani atafoka. Badala yake akauliza, kwa sauti ya chini, "Basi niulizeje?"

Nadhani hilo ndilo Mama Dzombo alilokuwa akilingoja miaka yote mitatu. Alimkalisha kwenye kiti cha buluu, akampa maji. Akamnyang'anya saa. Akamwambia mambo manne, nayo niliyasikia kwa sababu safari hii hakunifukuza: akae chini kuliko anayemuuliza, ampe maji na asiseme neno mpaka kikombe kiishe, asikatize, hata akisikia jambo la kumchoma, na mwisho atoe habari zake mwenyewe, za kweli.

"Zangu? Mimi ni kocha."

"Kwani makocha huamka bila habari?"

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Wamezoea."

Kisha akaongeza, bila mzaha, "Na atakayekwambia jambo, usimwadhibu. Ukimwadhibu mmoja, wote watapona siku hiyo hiyo."

Mchana, jua likiwa kali na mazoezi yameisha, Mwenda aliweka kiti chini ya kivuli cha stoo, akakaa mchangani mbele yake, magoti yakimfikia masikioni, na jagi la maji mkononi. Hakumwita mtu. Wachezaji walisimama mbali wakimtazama kama watu wanaotazama nyoka.

"Nani atakaa?" akauliza.

"Kocha, umepoteza kitu hapo chini?" Easter akauliza.

"Ndiyo. Winga wa kushoto."

Hawakucheka. Whitney ndiye aliyetoka. Alikaa, akanywa maji polepole, na Mwenda hakusema neno, ingawa niliona mdomo wake ukifunguka mara mbili na kujifunga. Mama Dzombo alikuwa ameipa hadhira mgongo, akimchua Nyokabi, kipa wa akiba, kwa nguvu mno. Nilianza kuondoka, Whitney akaniambia nibaki, na wenzake wabaki. Amechoka kusema jambo moja moja kwa mtu mmoja mmoja.

Akaanza tangu Jumatatu ya wiki tatu nyuma, siku ya pili baada ya kufungwa mabao manne nyumbani. Siku hiyo alifungua simu akakuta watu asiowajua wanamtukana. Alisoma yote. Akasoma tena siku iliyofuata, kuona kama yameongezeka, na yalikuwa yameongezeka. Sasa mpira ukimjia, kabla hajainua mikono, anaona wataandika nini. Amekwenda kwa Pamela mara mbili na usingizi umeanza kurudi. Simu amempa Nyokabi akae nayo. Lakini Jumamosi hataki kudaka.

"Nataka kwenda Thika," akasema. "Nataka kukaa benchi, kupasha wenzangu moto, kupiga kelele. Nisidake. Msimu ujao nitadaka. Nikidaka Jumamosi, kocha, nitapanda tuktuk."

Mwenda alikuwa amekamata jagi kwa mikono miwili. Kipa wake namba moja, mechi ya kushuka au kubaki. Nilimtazama Mama Dzombo. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mguu wa Nyokabi. Kocha akisema neno moja baya sasa, kiti kile kingekuwa cha kukalia kuku.

"Asante," Mwenda akasema. Akafikiri. "Sasa nitoe zangu?"

"Toa," Whitney akasema.

"Mimi... kabla ya kila mechi, mimi hutapika. Nyuma ya stoo. Miaka sita sasa. Hakuna anayejua."

"Kocha," Easter akasema taratibu, "tunajua. Tunasikia. Huwa tunapandisha wimbo ili wageni wasisikie."

Mwenda akawatazama mmoja mmoja, kumi na wanane wote, nao wakaitikia kwa vichwa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka jagi likamwagika kwenye suruali, na Whitney akacheka naye, mkono wake mkubwa ukimpiga begani. Nyokabi peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo mimi ndiye nadaka?" akasema. "Mama Dzombo, endelea kuchua. Miguu imeisha nguvu ghafla."

"Jumatatu utaniambia," Mama Dzombo akasema. "Hapana, niambie sasa hivi. Easter, leta maji."

Jioni ile Kocha Mwenda hakumuuliza Mama Dzombo jina lolote. Alimpelekea tu ujumbe kwamba basi litaondoka saa mbili asubuhi na asije na kapu kubwa.

Alikuja na kapu kubwa. Ijumaa asubuhi basi la kukodi lilisimama kando ya kanisa, dereva wake, Thuku, akipiga honi tangu saa mbili kasoro. Mama Dzombo alikuwa na gauni la manjano, chupa tatu za mafuta ya nazi, na kiti cha buluu alichokifunga kwa kamba ili kipandishwe juu ya basi.

Lakini hakuna aliyeweza kupanda. Mwenda alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, chini kabisa, akiwauliza habari mmoja mmoja, na kila mmoja alianzia alipoamka. Easter peke yake alichukua dakika kumi na mbili. Mmoja alisimulia ndoto nzima. Whitney alisema amelala saa sita mfululizo, wenzake wakampigia makofi kama aliyefunga bao. Nyokabi alisema hajalala kabisa, lakini ni kwa sababu alikuwa akifanya mazoezi ya kuruka kitandani na kitanda kimevunjika.

"Kocha!" Thuku akalia kutoka usukani. "Thika si Kakuyuni! Mechi itachezwa bila nyinyi!"

"Mechi ni kesho," Mwenda akajibu bila kugeuka. "Nasikiliza."

Wa mwisho alikuwa Mama Dzombo. Alitaka kupita kwa pembeni kama mtu asiyehusika. Mwenda akamzuia kwa mkono, akampa kikombe.

"Mama Dzombo. Habari?"

"Nzuri tu, tupande, watu wamechelewa."

"Kunywa kwanza."

Wachezaji wote walikuwa madirishani. Mama Dzombo akatazama kikombe, akakinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nilipofika hakujua pa kuiweka mikono yake.

"Nimeamka saa tisa," akasema. "Nimevaa gauni, nimelivua, nimelivaa. Miaka hamsini na minne, sijawahi kupita Mariakani kwenda bara. Naogopa baridi ya huko. Naogopa mabao. Juzi niliogopa nimepoteza kazi, na nilikuambia hata la mbuzi sikupi, lakini taulo moja niliikunja mara mbili." Akapumua. "Hizo ndizo habari zangu. Niache nipande kabla sijaghairi."

"Karibu," Mwenda akasema, akainuka kumpisha.

Wakampokea kapu kwa shangwe, wakamkalisha nyuma ya dereva, Whitney akakaa kando yake. Basi lilikuwa limejaa na mimi sikuwa na haki ya kiti. Nilikuwa nimepewa funguo za stoo na kazi ya kufukuza mbuzi uwanjani mpaka Jumapili. Mlango ukafungwa. Ilikuwa saa tatu kasorobo.

"Na wewe dereva," nikamsikia Mama Dzombo akisema dirishani, sauti yake imekwisha kupata nguvu, "umeamkaje?"

"Tumechelewa, mama, ndivyo nilivyoamka."

"Hizo ni za hapa. Anzia nyumbani."

Thuku akawasha injini, akalizungusha basi kuelekea barabara ya lami. "Haya," akasema, "niliamka saa kumi, jogoo wa jirani hana adabu..." Basi likapita kanisa, likapita mihogo, na sauti yake ikaendelea kupungua, hakuna aliyekuwa akimkatiza.